Matawi Nyuma ya Lori

Ndugu yangu mdogo alikuwa dereva, akipeleka mbolea ng'ambo ya mpaka kutoka hapa Eldoret. Siku aliyofariki, foleni ya malori ilikuwa imerudi nyuma hadi mbali na lango la forodha. Alimpigia mkewe simu akisema kifua kinambana, atalala kidogo. Akakata matawi na kuyalaza barabarani nyuma ya lori, kama madereva wote wafanyavyo gari likikwama, ili walio nyuma wampite. Wakampita kutwa nzima. Kila mmoja alidhani anangoja fundi. Aliyegonga mlango jioni alimkuta ameshapoa.

Mwaka huu tukasikia kituo cha mpakani kinapanuliwa. Shemeji, yaani mjane wake, ambaye ni jirani yangu hapa mtaani Kimumu, akakata tawi kwenye ua wake.

"Mzee, nipeleke. Nataka niliweke pale alipofia kabla hawajamwaga lami. Hakuna aliyewahi kumwombea mahali pale."

Tulimkuta msimamizi wa ujenzi, kijana mwenye heshima, tukamweleza kilichotuleta. Alituonyesha taa za nguvu za jua, matangi ya kuvuna maji ya mvua, miche ya miti iliyopangwa kando, na zahanati ya madereva. Nchi zote mbili zitakagua mizigo chini ya paa moja.

"Mama, hakuna dereva atalala kwa foleni tena."

"Mmechelewa," shemeji akasema. "Lakini asanteni."

Kijana akainamisha kichwa, kisha akasimamisha mtambo wa kushindilia barabara ili tuombe.

Vibanda vyote vya kando ya barabara vilikuwa vimebomolewa. Tulipatambua mahali kwa kalvati moja kuukuu la kupitisha maji chini ya barabara. Shemeji akalaza tawi kwenye kokoto, kando ya njia iliyokuwa ikitumika bado. Nikaomba. Nimefundisha watu kanisani kushukuru katika yote kwa miaka mingi, lakini siku hiyo maneno yalinitoka kwa shida.

Kabla sijasema amina, lori likapunguza mwendo. Dereva akatoa kichwa dirishani.

"Mzee, mmekwama? Niwatafutie fundi?"

"Hapana, baba. Tuko salama. Mungu akubariki."

Akaenda zake. Shemeji alilitazama lile lori hadi likafika langoni.

"Huyu ameuliza," akasema.

Kisha akainama, akaliokota tawi lake, lisije likasimamisha wengine bure. Nyuma yetu mtambo ukaanza kunguruma tena. Alilishika tawi mapajani njia nzima hadi Eldoret.