Barafu Iliyotii Sheria

Hivi wewe msomaji, ukifunga tela nyuma ya pikapu, kinachopimwa ni tela peke yake au vyote viwili? Usijibu haraka. Juzi pale mizani, mbele ya Nyegezi, askari wawili walishindwa kukubaliana.

Mama mfanyabiashara wa sangara alikuwa amejaza tela samaki na barafu. Askari mmoja akasema lipimwe tela tu, apite.

"Gross weight, bwana! Vyote!" mwenzake akaruka. "Mama, shikamoo, lakini mzigo umezidi. Na leseni ya kuvuta tela iko wapi?"

"Afande, tela lenyewe halina injini!" dereva wa pikapu iliyolivuta akalalamika.

Wakabishana mpaka jua likawa kali, barafu ikayeyuka, maji yakatiririka barabarani. Mama akapiga kigelegele: "Nipimeni tena, wanangu, nimeshakonda!"

Kweli, walipopima uzito ukawa halali, na leseni hakuna aliyeiulizia tena. Sisi tuliokuwa kwenye foleni tulicheka hadi dereva akakaa chini. Kisha upepo ukatuletea harufu ya sangara walioanza kuoza, na mama akakimbilia tela lake.

Waheshimiwa wa barabara, ninyi mlio na ajira: bandikeni ubao pale mizani, kwa Kiswahili, useme kinapimwa nini na leseni ipi inatakiwa. Please, kabla mtaji wa mwingine haujanuka.