Neno la Shukrani kwa Kaunti Mbili

Naishi Muaither, pembeni mwa Doha, katika jumba lililojengwa kwa ajili ya familia moja na ambalo sasa limebeba watu wasiojuana majina. Mwenye nyumba aliligawa kwa kuta za jipsamu, kila kipande akakiita studio. Baladia, yaani serikali ya mji, hairuhusu mambo hayo, kwa hiyo tunaishi kama wapenzi wa siri: viatu ndani, sauti chini. Chumba changu nagawana na dada mmoja wa Unguja anayetandika vitanda hotelini. Jirani akipiga chafya, sisi ndio tunaomwombea afya. Nilipoalikwa kwenda kusikiliza habari za makazi nafuu, sikuhitaji kubembelezwa.

Mwaliko ulizunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya Wakenya wa Doha. Kaunti yetu na kaunti jirani, ile inayoanzia ng'ambo ya soko, zilikuwa zimeamua kuchanga fedha pamoja na kujenga maghorofa ya bei nafuu hapo mpakani. Zilikuwa zimetuma ujumbe hadi huku ili sisi tulio mbali tusiachwe nyuma. Niliusoma mwaliko mara mbili. Hizi ni kaunti ambazo zimegombania ushuru wa soko hilo hadi mahakamani, lakini barabara ya kuingia sokoni kila moja huapa kuwa ni ya mwenzake. Takataka zetu hazina kaunti. Bomba la maji hufika karibu nasi, likakata kona kwa adabu. Wahenga walisema fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi. Wakipatana inakuwaje, hawakutuachia neno.

Mama yangu anakaa hapo mpakani. Nyumba yake ni ya mbao na mabati, aliijenga mwenyewe kwa biashara ya mboga, kwenye kiwanja alichoonyeshwa na baraza la mji la zamani kabla kaunti hizi hazijazaliwa. Karatasi hakupewa. Alipewa neno, na kwa watu wa umri wake neno linatosha. Siku hizi magoti yanamsumbua. Mimi nilichokuja kutafuta Doha ni kitu kimoja tu: mama azeekee kwenye nyumba isiyovuja, bila kumwomba mtu ruhusa ya kukaa.

Ijumaa hiyo tulijaa kwenye ukumbi wa hoteli moja mtaa wa Al Sadd. Kulikuwa na wauguzi waliotoka zamu, walinzi, vijana wa kompyuta, sote tumevaa kama tunaenda harusini na sote tukijua tutarudi kulala vitanda vya juu na chini. Dada wa Unguja alikuja kwa ajili ya chakula, na hakuficha. Waziri wa nyumba wa kaunti yetu alikaa kulia, wa kaunti jirani kushoto, tai zao rangi moja. Walishikana mikono kwa ajili ya picha. Wakashikana tena kwa sababu mpiga picha hakuwa tayari. Ushirikiano ule ulinitoa machozi, ingawa huenda kilikuwa kiyoyozi.

Kisha wakatuonyesha ukutani picha ya ardhi yenyewe.

"Kama mnavyoona, wapendwa," akasema waziri wetu, "hii land iko idle. Iko tu hapo, tupu kabisa."

Nikaitazama hiyo ardhi tupu. Ilikuwa na paa la mabati lenye kiraka cha bati jipya, ambalo nilimnunulia mama mwenyewe, na leso zake mbili zilikuwa zimeanikwa uani. Nikajikuta nimemshika dada mkono.

"Una nini wewe?" dada akaninong'oneza.

"Hapo wanaposema tupu ni kwetu."

"Basi nyanyuka useme. Wangoja nini?"

Nilikuwa nangoja zamu yangu. Kwetu mkutano una itifaki hata ukifanyiwa jangwani: maombi, salamu, hotuba, hotuba ya kumsifu aliyehutubu, na mwisho neno la shukrani kutoka kwa mwananchi. Mshereheshaji alikuwa amenipa mimi hilo neno kwa sababu niko mapokezi katika kliniki ya meno, na mtu anayeweza kumfanya mgonjwa wa jino atabasamu anaweza lolote. Na mama alinilea hivi: mgeni humwulizi jambo kabla hujamshukuru.

Nikasimama, nikashukuru. Nilishukuru vizuri mno, kwa bahati mbaya. Nilisema sisi watu wa mpakani tunazishukuru kaunti zetu mbili kwa kutukumbuka, kwamba mama yangu mwenyewe anakaa kwenye ardhi ile, na kwamba nyumba bora ndiyo ndoto yake. Ukumbi ukapiga makofi. Yalipotulia nikaendelea: lakini mbona mnasema ni tupu, na waliopo mtawapeleka wapi?

Waziri wetu alisema hilo ni swali zuri sana, na kwamba mambo ya fidia yako kwa wenzetu wa kaunti jirani. Wa kaunti jirani akasema wao wamechanga saruji, watu ni wa kaunti yetu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia kaunti yoyote ikikiri kwamba mama ana mwenyewe, japo ilikuwa inamsukumia mwenzake. Mwishowe wakakubaliana, kidugu kabisa, kwamba itaundwa kamati ya pamoja. Mshereheshaji akaomba mtu aombee chakula. Dada wa Unguja alisema pilau yenyewe haijafikia ya kwao, akaongeza sahani.

Siku chache baadaye video ikaanza kuzunguka. Ni mimi, nimependeza, nashukuru. Waliikata pale makofi yanapoanza, na chini wakaandika kwamba familia za mpakani zinauunga mkono mradi. Nilikasirika hadi kazini nikampokea mgonjwa kwa kumwambia kwaheri. Nikawaandikia. Kaunti yetu ikajibu kwamba video ni ya kaunti jirani. Kaunti jirani haikujibu.

Jioni hiyo mama akapiga simu kabla sijampigia. Sauti yake ilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeisikia tangu baba afariki.

"Nimekuona, mwanangu. Chifu alituonyesha kwa simu yake, mbele ya watu wote. Umeongea vizuri. Kumbe ni wewe ulikuwa unanitafutia nyumba, na hukuniambia?"

"Mama, hebu ngoja."

"Tulipoambiwa tuhame kabla tingatinga halijaja, majirani walikataa kutoka. Nikawaambia, kama huyu wangu ameshukuru, basi kuna kitu ameona huko. Sasa wananiuliza nitachukua gorofa ya ngapi. Nimesema ya chini, kwa sababu ya haya magoti."

Nikamweleza yote: swali langu, saruji, kamati. Nilisahau kabisa habari ya kuweka sauti chini, na jirani akagonga ukuta. Mama alisikiliza bila kunikatiza.

"Hapo kwa 'lakini' hawakutuonyesha," akasema.

"Basi usitoke, mama. Usitoe hata kijiko. Kaa ndani ya nyumba yako, na mimi nitatafuta wakili."

"Ndani wapi, mwanangu? Nilishang'oa mabati leo asubuhi, ndio tingatinga lisiyaharibu. Nimeyapanga hapa nje. Nimeyakalia."