Rangi ya Keki Ndani ya Rejeta

Saa moja asubuhi, siku ya Ijumaa, miguu miwili inatokeza chini ya gari kuukuu lililoegeshwa uani. Mguu mmoja una ndala, mwingine hauna. Kando yake kachuchumaa mwanamume mwenye futi ya kupimia nguo shingoni na tochi mkononi.

"Mulika hapa!" sauti inatoka chini ya gari.

"Si namulika?"

"Unamulika ukuta, baba. Ukuta hauvuji."

Mwenye miguu ni Mama Keki, mwokaji wa keki za harusi ambaye majirani wameshasahau jina lake jingine. Mwenye tochi ni mumewe, fundi cherehani, mtu mpole asiyevua futi shingoni hata siku asiyoshona. Gari linapoteza maji ya rejeta, na mpaka sasa hakuna aliyejua yanatokea wapi.

Haraka yote hii ni ya kesho. Kesho mchana, keki ya ngazi tatu inatakiwa ipande kwenye gari hilo, ivuke mlima katika jua la utosi na ifike ukumbini ikiwa imesimama. Na harusi yenyewe si ya mtu baki. Bibi harusi ni binti wa wifi yake, na wifi huyo ni dada wa mwenye tochi.

"Wifi yangu kanunua keki ya dukani, kaiweka kwenye friji," anasema Mama Keki akijivuta kutoka chini na kumgeukia mwandishi, aliyekuja kuandika habari zake. Shavuni ana grisi, kwenye nyusi ana unga. "Kaniambia bila haya, 'Wifi, hiyo ni ya akiba tu, mambo yasije yakawa kama mara ile.' Keki ya akiba! Wewe mwandishi, umewahi kusikia bwana harusi wa akiba?"

Mara ile ni habari ya mwezi uliopita, na jirani yeyote atakusimulia hata kama hukumuuliza. Gari lilichemka katikati ya mlima huku keki ikiwa kwenye kiti cha nyuma. Wakati wanasubiri injini ipoe, maua ya sukari yaliteremka, ngazi ya juu ikaikalia ya chini, na wageni wakaishia kula kwa vijiko. Kabla ya siku hiyo Mama Keki alikuwa akipata oda tatu kwa wiki. Sasa akipata moja anashukuru.

"Mteja mmoja alinipigia simu akaniuliza kama nauza pamoja na bakuli," anasema. "Nilicheka, lakini nilipokata simu nililia. Kazi hii ndiyo inayonilisha. Keki ya kesho ikiharibika tena mbele ya ukoo mzima, nani ataniita?"

Mumewe anakohoa. Mama Keki anamtazama, naye anaona heri aseme mwenyewe.

"Mimi nilidhani nasaidia," anasema. "Kinyozi wangu aliniambia yai linaziba tundu la rejeta. Linaivia mle mle, linaganda. Nikasema, mbona rahisi?"

"Mwambie ulitia mangapi."

"Kinyozi alisema moja."

"Mwambie ulitia mangapi!"

"Manne," anasema fundi, akiitazama tochi.

"Na viini vyake!" anadakia mkewe. "Tuko mlimani, mvuke unafuka, na mimi nasikia harufu ya mayai ya kuchemsha. Nikajua hapo hapo kwamba mume wangu kaingia jikoni kwangu."

Fundi wa magari alishinda kutwa akichokonoa vipande vya yai kutoka kwenye mabomba, kisha akashauri wabadilishe rejeta nzima. Bei yake ilikuwa sawa na faida ya keki kumi na moja. Mama Keki akaanza kudunduliza fedha ndani ya kopo la hamira, na kopo halijafika hata nusu. Harusi nayo haingoji kopo. Ndiyo maana akaamua kuutafuta uvujaji huo mwenyewe.

Kilichomshinda muda wote ni kwamba hakuona chochote. Maji yalipungua, lakini akichungulia anakuta pakavu, kwa kuwa injini ikipata moto hukausha tone kabla halijaonekana. Jibu alilipata jana jikoni, alipokuwa anakoroga sukari ya kupambia na rangi nyekundu ikamdondokea kwenye aproni.

"Rangi ya keki ikishika kitambaa, utafua mpaka mikono ichubuke na doa litakutazama tu," anaeleza. "Nikasema, ala! Maji yanakauka, lakini rangi itaenda wapi?"

Alingoja injini ipoe kabisa, maana mfuniko wa rejeta yenye moto ukiufungua unaungua uso. Akamimina kichupa kizima cha rangi nyekundu, akaenda na gari sokoni na kurudi. Asubuhi hii jirani ndiye aliyemwamsha kwa kugonga mlango, akiuliza nani amechinjwa. Kutoka getini mpaka uani kulikuwa na mstari wa matone mekundu. Jirani alipoelezwa kwamba ni rangi ya keki, alisema afadhali angechinjwa mtu, hilo angelielewa.

Mama Keki anarudi chini ya gari. Mara hii tochi inamulika panapotakiwa.

"Nimelipata!" anapiga ukelele. "Na rejeta ni nzima! Maskini rejeta, tumeisingizia bure!"

Wekundu wote unatoka kwenye mpira wa chini, ule unaopeleka maji kutoka kwenye rejeta kwenda kwenye injini. Mwisho wa mpira huo kuna kitu kimezungushiwa. Mama Keki anakivuta. Kinakuja, kinanyumbuka, kinazidi kuja, kirefu na chembamba, kimelowa rangi.

"Baba."

"Naam."

"Hii lastiki ni ya nini?"

"Ya sketi," anasema fundi cherehani. "Mpira ulikuwa na ufa kidogo. Nikaona nisikusumbue, nikaufunga. Ni lastiki nzuri ile, ya kiunoni. Niliipiga na mshono."

"Kikulacho ki nguoni mwako!" anasema Mama Keki, na badala ya kugomba anaangua kicheko mpaka anashika boneti asianguke. Mumewe anacheka pia, lakini kwa tahadhari.

Ufa wenyewe uko mwishoni tu, na mpira una urefu wa kutosha. Ukikatwa upana wa vidole viwili na kurudishwa, kazi imekwisha. Ila lazima mkato uwe safi, la sivyo utavuja upya. Mama Keki anajaribu kisu cha jikoni, kinatafuna ukingo tu. Anajaribu wembe, unavunjika. Kisha anamtazama mumewe, na mumewe anaelewa.

"Hapana," anasema.

Aliyewahi kuishi na fundi cherehani anajua kwamba mkasi wake haukati kitu kingine isipokuwa nguo. Hata karatasi inaua makali. Mkasi huu fundi anao tangu alipokuwa mwanagenzi, na hulala ndani ya kitambaa cha sufu. "Mwaka mmoja niliukatia karatasi ya kuokea," ananong'ona Mama Keki. "Wiki nzima alikuwa anasalimia sufuria, mimi hanisalimii."

Fundi anaingia ndani, anakawia. Anaporudi ameukumbatia mkasi kwa mikono miwili.

"Kata," anasema.

"Baba Keki, una hakika?"

"Yale mayai niliyatia mimi. Lastiki niliifunga mimi. Kata upesi, mimi naangalia kule."

Anageuka na kumulika ukuta, na safari hii hakuna anayemsema. Mkasi unalia kwa uchungu, kipande cha mpira kinaanguka. Kwenye makali kumebaki pengo ambalo hata mwandishi analiona.

Mengine yanakwenda haraka. Mpira unarudishwa, klipu inakazwa kwa bisibisi, maji mekundu yanamwagwa kwenye ndoo, na fedha za kopo la hamira zinanunua dawa halisi ya rejeta badala ya maji ya bomba. Injini inaachwa ingurume mpaka mapovu yote yatoke na feni izunguke. Chini Mama Keki ametandika karatasi nyeupe ya kuwekea keki. Anapoivuta, ni nyeupe vile vile.

Siku ya harusi, mwandishi alikwenda kutazama na akajikuta amepewa kazi. Kazi yake ilikuwa kuulinda kwa macho mshale wa joto la injini, ule ulio mbele ya dereva. Fundi alikaa nyuma, keki mapajani, futi shingoni.

"Mshale?" aliuliza Mama Keki mlimani, mikono ikiwa imebana usukani.

"Katikati."

"Sasa?"

"Bado katikati."

"Usipepese!"

Walifika ukumbini keki ikiwa na ngazi zake zote tatu. Mama Keki aliingia kifua mbele, akaitafuta ile keki ya dukani. Meza ya keki ilikuwa tupu.

"Wifi, ya akiba iko wapi?"

"Tuliila jana," alijibu wifi yake, akimpokea kwa vigelegele. "Kaka alinipigia simu akaniambia ameukatia mpira mkasi wake. Huyu nilikua naye nyumba moja. Chingamu iliniganda nywelani, nikalia mpaka nikapata homa, na mkasi ule akanikatalia. Nikawaambia watoto leteni sahani, keki ya wifi itafika."

Mama Keki aliinamia keki yake. Akajifanya ananyoosha ua la sukari ambalo halikuwa limepinda.

Kabla wageni hawajaanza kula, watu wawili walikuwa wameshamwomba namba ya simu. Mwandishi alimuuliza, oda zikirudi, kopo la hamira litanunua nini sasa, maana rejeta haina ubaya.

"Mkasi," alisema bila kufikiri. "Ule mzito, wa kwanza kwa ubora. Nataka nimpe mbele ya watu." Alimtazama mumewe, aliyekuwa pembeni akimpima bwana harusi mabega kwa macho. "Ila nitaanza kuhesabu mayai kila asubuhi. Trei ikipungua hata yai moja, mkasi huo nitakaa nao mimi."