Mto wa Kubania Mshono

Asubuhi ile niliondoka Changamwe bila mpango, na mkoba mmoja begani. Nilipofika Mishomoroni nikaona kipande cha boksi mlangoni, kimeandikwa kwa mkaa: chumba kipo. Nikapiga hodi.

"Karibu, ila subiri kidogo," sauti ya mwanamke ikajibu. "Mama anatapika."

Sijui kusubiri nje, nikaingia. Ndani, mama mmoja alilala ubavu. Bintiye, wa rika langu, amepiga magoti, mkono mmoja umeshika beseni, wa pili ukimsaidia mamake kubana mto mdogo tumboni.

"Usijizuie, mama. Yatoke. Mto utashika mshono."

Mama alikuwa amepasuliwa tumbo, karudi jana kutoka hospitali. Nikauliza kwa nini ubavu.

"Asije akapaliwa," binti akasema. Akalipeleka beseni penye mwanga, akaliangalia vizuri kabla ya kumwaga. "Nikiona kijani au damu, au tumbo likifura, au maji yasipokaa, hospitali waliniambia nisingoje."

Ndiyo maana kikapu cha nguo kilikuwa tayari mlangoni. Maji yakikataa kukaa tena, wanarudi hospitali.

Jirani akaingia na bakuli la uji wa pilipili manga. "Tumbo tupu halifungi kidonda! Nipisheni nimnyweshe."

"Shikamoo, shangazi. Uji wako mtamu, wallahi, ila kwa sasa ni maji tu, kidogo kidogo. Mpe mgeni, katoka mbali."

"Kwani mgeni ndiye aliyepasuliwa?"

Mgonjwa akacheka, akaudaka mto. "Msinichekeshe, mtanifumua!"

Nikanywa uji huku nikimtazama binti. Kijiko kimoja cha maji, anangoja. Kingine, anangoja. Nimezurura, nimeona mafundi wa saa na wa mashua, lakini mkono uliotulia vile sijauona. Hakumhimiza mamake hata mara moja, wala hakumwondolea jicho.

Maji yakakaa. Adhuhuri ikapita, bado yamekaa. Kisha mama akajamba, na shangazi akainua mikono juu: "Alhamdulillahi, tumbo limeamka!"

Binti akacheka mpaka akapangusa macho kwa leso. Akakichukua kile kikapu, akazirudisha nguo kabatini.

"Haya, dada, chumba kiko uani. Lakini leo tutapokezana beseni. Utaweza?"

Nikautua mkoba pale kilipokuwa kikapu, nikamuuliza sabuni ya kunawa iko wapi.