Pua ya Ndege ya Lindsay

Mimi ni fundi wa ndege. Kwa miaka thelathini nimefungua na kufunga injini za ndege za mashamba katika uwanja wetu wa vumbi nje ya mji wa Jerilderie, ambako mpunga hupandwa kutoka angani. Nikisema Lindsay Trebilcock alikuwa rubani bora kuliko wote niliowahi kuwahudumia, simpendelei. Alikuwa na kiburi, na chai yake ilikuwa hainyweki.

Moyo wake ulipoanza kuruka mapigo, daktari alimnyima cheti cha kurusha ndege. Alikuwa na miaka hamsini na sita. Wengine wakifikwa na hilo huishia kwenye chupa. Lindsay alinunua kompyuta, akaiweka kwenye kona ya karakana yangu bila kuniomba, na akaanza kuijenga upya ndege yake humo ndani, ili watu wenye gemu za urubani duniani kote wainunue na kuirusha. Nikiiita gemu alinuna siku nzima.

Sijaona mtu akifanya kazi namna ile. Alinishikisha futi ya kupimia, tukapima kila skrubu ya dashibodi. Alirekodi mlio wa injini ikiwaka asubuhi ya baridi na mlio wake ikiwaka mchana wa joto. Hata mpasuko wa kiti, ule nilioushona kwa uzi wa kuvulia samaki, aliuchora. Ndege ilikuwa na kazi mbili kama ilivyo kwetu: masika kumwaga mbegu na dawa, kiangazi kubeba maji ya kuzimia moto.

Kazi ya maji ndiyo iliyoleta shida. Tani tatu zikitoka tumboni kwa mara moja, pua ya ndege hunyanyuka ghafla kama punda aliyetuliwa mzigo. Rubani asipoiwahi kwa kusukuma usukani mbele, ndege hupanda wima, mwendo unakwisha, na chini hakuna nafasi ya kujisahihisha. Lindsay aliiweka pua hiyo kama ilivyo, bila huruma.

Wanunuzi walilalamika. Mmoja aliandika kuwa ndege imelewa. Mwingine, ambaye nadhani hajawahi kupanda hata ngazi ya kuchumia machungwa, alisema mtengenezaji hajui ndege. Nyota ambazo wanunuzi huipa ndege dukani zikashuka hadi mbili. Lindsay alisoma yote kwa sauti huku akitukana, na wiki ya tatu alikuwa hatukani tena, amenyamaza tu. Nilimhurumia. Zaidi ya hapo, nilichoka kumsikiliza.

"Wape wanachotaka," nikamwambia. "Ilainishe hiyo pua. Kwani kuna atakayekufa akiwa kwenye kiti chake sebuleni?"

Aliilainisha, na ndege ya kila aliyekwisha kununua ikabadilika yenyewe. Nyota zikapanda, barua za sifa zikaja, naye akaanza tena kupiga mluzi akifagia karakana.

Binti yake Tamsin alikuwa rubani pia. Alikuwa amemaliza misimu miwili ya kumwaga dawa, na kiangazi hicho ndicho kingekuwa chake cha kwanza kwenye moto. Walikuwa wamemfundisha kumwaga maji, lakini mara chache tu, na kwa nusu ya mzigo. Siku zilizobaki alijifunzia nyumbani kwake, kwenye ndege ya baba yake. Tena aliinunua dukani kama mteja yeyote, siku ya kwanza kabisa, kwa jina lake. Kina Trebilcock ndivyo walivyo. Ukiwapa yai watakurudishia kuku, na cha bure hawakigusi.

Krismasi tulikula pamoja kwangu, paja baridi la nguruwe na kamba wa baharini, feni ikizunguka bure. Tamsin akasema ndege imekuwa tamu siku hizi, maji yanatoka na pua inatulia. Niliona Lindsay akiweka uma chini. Alikwenda kwenye gari lake, akarudi na bahasha iliyofungwa. Ndani yake kulikuwa na kijiti cha kuhifadhia kazi za kompyuta, na humo alikuwa ameitunza ile ndege ya mwanzo.

"Hii ndiyo ya kweli," alimwambia. "Ile ya dukani ni ya watu wa sebuleni. Itupe."

"Baba, ile nimeilipia."

"Basi nilipe na hii. Nikupe bei?"

Tamsin alicheka, akaikunja bahasha na kuitia mfukoni. Mimi nikaongeza chumvi kwa kusema anaogopa ndege ya mzee isimwaibishe. Sote tulicheka. Laiti ningefunga mdomo wangu nikala.

Katikati ya Januari joto lilifika nyuzi arobaini na tatu, na vilima vya mashariki vikashika moto. Tamsin alipewa mzigo kamili. Mara mbili alimwaga juu ya malisho yaliyo wazi, akarudi salama kujaza maji. Mara ya tatu alitumwa kwenye bonde lenye miti. Wazima moto waliokuwa chini walisema maji yalianguka pale pale yalipotakiwa. Kisha wakaiona pua ikinyanyuka, ikaendelea kunyanyuka, na ndege ikaegemea bawa moja na kushuka kwenye miti.

Alikuwa na miaka ishirini na saba.

Ripoti ya ajali ilitoka baada ya miezi, ikataja joto, upepo, moshi, na uzoefu mdogo wa rubani. Kuhusu kompyuta haikusema neno, maana hakuna aliyeuliza. Lindsay aliisoma akiwa amesimama kwenye meza yangu ya kazi, akaikunja, akaniomba nimsindikize kuchukua gari la Tamsin, lililokuwa bado limeegeshwa uwanjani.

Bahasha tuliikuta kwenye kidroo cha mbele, chini ya miwani ya jua na risiti za petroli. Ilikuwa bado imefungwa. Juu yake Tamsin alikuwa ameandika kwa kalamu: nikipata nafasi.

Lindsay aliipangusa vumbi, akaitia mfuko wa shati. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa miezi, na bado maneno yalinitoka vibaya.

"Mimi ndiye niliyekwambia uilainishe."

"Ulisema," akajibu. "Aliyeilainisha ni mimi."

Hakunilaumu, na mpaka leo hajanilaumu. Ningepumua vizuri kama angenipiga. Majuto ni mjukuu, na mimi wangu nampakata kila nikiiona ile kona ya karakana.

Wiki hiyo hiyo aliiondoa sokoni ndege laini na kurudisha ile ya mwanzo, na kila aliyewahi kununua akabadilishiwa atake asitake. Malalamiko yakarudi, makali kuliko ya kwanza, maana watu walikuwa wameonja utamu. Nyota zikaisha. Lindsay hakutukana wala hakunyamaza. Kila asubuhi alikaa pale na chai yake mbaya akawajibu wote, mmoja mmoja, sentensi ile ile: sukuma usukani mbele kabla hujaachia maji.

Mwezi uliopita aliniita nisome barua moja. Imetoka kwa baba wa nchi ya mbali, mtu wa heshima. Anasema binti yake ana miaka kumi na tisa na anataka kuwa rubani wa moto. Ameirusha ndege hii tangu Jumapili, na kila akimwaga maji anaanguka. Hata kulia amelia. Je, mtengenezaji hawezi kumpunguzia kidogo, ili asikate tamaa?

Lindsay aliiangalia ile barua mpaka chai ikapoa. Sikumshauri chochote. Kisha akaandika jibu kwa vidole viwili, akanitazama, akaituma.

"Mwache aanguke humu."