Nilimfungia Kaka Yangu Vioo Tukienda Malindi

Admin, nifiche kabisa, maana jina langu likitoka hapa Meru nzima itasimama. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na sita, mkulima wa upande wa Timau. Shule niliachia darasa la saba, lakini hata wenye digrii huku wakitaka kusafiri mbali huja kuniuliza njia. Niliwahi kushusha lori la ngano mteremko mzima breki zikiwa zimekufa, nikalisimamisha kwa gia na maombi, na askari wa barabarani akanivulia kofia. Muulizeni mtu yeyote.

Kaka yangu mkubwa alikuwa na miaka sabini na mbili. Alikuwa na presha na mkongojo, lakini akili yake ilikuwa timamu na mdomo wake mkali. Maisha yake yote alikuwa hajaona bahari. Binti yake, nitamwita Kendi, anafanya kazi ya ofisi Meru mjini na amenunua kigari. Akasema wikendi moja atampeleka baba yake Mombasa, kisha wafuate ile barabara ya Pwani hadi Malindi, mzee aone maji. Mimi nikasema gari naendesha mimi, Pwani naijua kama shamba langu. Kwetu mtoto habishani na ndugu ya baba yake. Kendi akanipa funguo.

Tulitoka Ijumaa alfajiri, tukanywa chai Embu, jioni tukafika Mombasa. Jumamosi, saa nne hivi, tukaishika barabara ya Malindi. Kaka alikaa nyuma na Kendi. Alikuwa amevaa vile wazee wa Timau huvaa: sweta mbili, kabuti, na boshori, ile kofia ya sufu ya kufunika masikio. Huku kwetu baridi ya mlima ndiyo huua wazee. Upepo ukishaingia mbavuni, wiki mbili uko kaburini. Basi nikatangaza ndani ya gari kwamba upepo wa bahari ni mbaya kushinda wa mlima, kwa sababu una chumvi. Nikazima hewa baridi ya gari. Vioo vya nyuma nikavifunga kwa kile kitufe cha dereva kinachozuia walio nyuma wasivishushe.

Kufika Mtwapa, kaka akaanza kunitania. "Wewe, mbona unanivumbika kama ndizi? Unataka niive nikauzwe sokoni Mitunguu?"

Tukacheka sana. Kendi akasema, "Anko, tumpunguzie nguo. Baba amelowa jasho."

"Jasho ndiyo dawa," nikamwambia. "Mimi nimeishi huku, wewe ulikuwa bado hujazaliwa."

Kupitia kioo nikamwona anamfungua baba yake kabuti polepole, kama anaiba. Nikasimamisha gari kando ya barabara, nikashuka, nikamfunga vifungo mimi mwenyewe hadi shingoni. Kaka aliniangalia tu. Kendi akageuza uso.

Ile barabara, kama hujapita, inakudanganya. Ni minazi na mashamba ya mkonge, halafu minazi tena, na bahari imejificha upande wa kulia. Kaka akawa anauliza, "Bahari iko wapi?" Namwambia iko mbele. Baada ya dakika kumi anauliza tena. Tulipopanda daraja la Kilifi, maji yakatokea chini yetu, ya buluu, mapana. Nikapaza sauti, "Haya mzee, ndiyo hiyo!" Akasogeza uso kwenye kioo. Akakibonyeza kile kitufe cha mlango wake, mara mbili, mara tatu. Kioo hakikushuka.

"Nifungulieni," akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka sana.

Nikamwambia, "Ukifika Malindi utaipata hewa yote."

Baada ya hapo hakuuliza tena bahari iko wapi. Kendi akaniambia, "Anko, Baba haongei." Nikasema mwache alale, amechoka. Tulipofika Malindi nikafungua mlango. Alikuwa anachoma kama sufuria iliyo motoni, ngozi imekauka, macho nusu wazi. Tulimkimbiza hospitali. Daktari alimwangalia, akaangalia lile kabuti, akauliza, "Nani alimvisha hivi?" Saa kumi jioni kaka yangu alikuwa amekufa.

Dhambi yangu kubwa niliifanya nyumbani. Siku ya mazishi nilipewa kipaza sauti, na watu walikuwa wengi. Nikasema, "Mimi nilisema mzee hataliweza joto la huko, lakini vijana wa leo hawasikii." Watu wote wakamgeukia Kendi. Kaka zake wakamzuia asitupe udongo kaburini. Mama yake mpaka leo hashiki simu yake. Wanasema alimuua baba yake kwa sababu ya kutafuta picha za kuweka mtandaoni.

Jumapili ijayo familia inakaa kuamua kama Kendi atakanyaga tena boma la baba yake. Mimi ndiye mkubwa sasa, neno la mwisho ni langu. Jana alinipigia. Hakunitukana. Alisema tu, "Anko, ulikuwepo. Waambie vile ilikuwa." Nikamjibu mtandao unasumbua, nikakata.

Nikisema ukweli, watoto wa kaka yangu hawatanisalimia tena, na hapa kijijini nitakuwa mtu wa kuchekwa. Nikinyamaza, yule msichana amekuwa yatima wa baba na mama, na mama yake mzazi bado yuko hai. Ninyi wenye busara, niambieni, Jumapili nikisimama mbele yao nianzie wapi?

Na kuna kitu kimoja sijamwambia hata mke wangu. Ile siku, kuanzia Mtwapa hadi Malindi, mimi mwenyewe nilikuwa naendesha na vesti tu. Shati na sweta nilikuwa nimezivua kwa sababu ya joto, nikazikalia.