Daftari Langu na Maji ya Mfereji

Siku ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, ni ile Mama Veronika, jirani yangu katika mtaa wetu wa Naviundu, Lubumbashi, alipoingia uani kwangu na daftari langu mkononi.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Kiwanda cha shaba alichofanyia kazi baba kilikuwa kimefungwa, mabomba yamekauka, na shule niliyofundisha imebaki madawati matupu. Nikawa naandika hadithi za wakati ujao. Vitabu vilikuwa vimeadimika, kwa hiyo daftari langu lilizunguka nyumba kwa nyumba, likirudi na madoa ya mawese. Nilijiona mtu mkubwa, sikufichi.

Katika hadithi moja, watu wa Lubumbashi ya miaka mia ijayo walikunywa maji ya mfereji wa kiwanda, ule mtaro wa maji machafu uliopita mtaani kwetu. Mhandisi wangu aliwafundisha kuyachemsha mara tatu, sumu yote ikaisha. Niliandika hata kwamba ladha ya chuma inayobaki haina neno. Yote hayo niliyatoa kichwani mwangu.

"Ni weye uliandika hii?" Mama Veronika aliniuliza. "Nilichemusha mara tatu, vile ulisema. Batoto yangu banatapika tangu jana. Ule mudogo hata kusimama hawezi."

Nilitaka kumjibu kwamba ni hadithi tu. Lakini alichota maji ya mfereji ule kwa sababu maji mengine yalikuwa mbali, na aliniamini kwa sababu niliandika kama mtu anayejua.

Tuliwabeba watoto hadi zahanati ya masista. Siku tatu nilikuwa nawachotea maji kwenye kisima cha parokia, nikimwangalia yule mdogo akimeza kijiko kimoja kimoja. Siku ya nne aliomba bukari, ugali wetu. Nililia mbele za watu.

Habari ilimfikia Papa Ilunga, mzee aliyefanya kazi miaka mingi katika maabara ya kile kiwanda. Aliniita asubuhi. Hakupaza sauti. Alitia maji ya mfereji katika glasi, akasugua msumari mpaka ukang'aa, akautumbukiza humo. "Ngoja," alisema. Tukakaa tukimenya karanga. Ilipofika saa sita, msumari ulikuwa umevaa wekundu.

"Ile nyekundu ni shaba," alisema. "Ilikuwa mu maji, haukuiona. Moto inaua vidudu. Shaba haiko kidudu. Ukichemusha, maji inapanda na mvuke, shaba inabakia, inazidi kuwa kali. Sasa, mutoto wangu, juu ya nini haukukuya kuniuliza? Niko hapa, nyumba ya tatu."

Nyumba ya tatu. Hilo ndilo lililoniuma.

Tangu hapo nilikwenda kwake kila asubuhi. Alinieleza jinsi chokaa inavyofanya madini yatuame chini, na kwamba hata hapo maji hayo hayanywewi kabla ya kupimwa. Niliandika hadithi upya. Mhandisi wangu alikosea mara mbili, akapima, akawazuia watu kunywa. Mama Veronika alikataa kuisoma kwa muda mrefu. Alipoisoma, alisema tu: "Ule muntu sasa anaogopa. Ni muzuri."

Basi, mwanangu, nimesoma hadithi yako ya watu wanaolima mwezini. Usiache kuota mbali hivyo. Lakini hewa wanayovuta inatoka wapi? Mashine yao ikiharibika, nani anaitengeneza, kwa kifaa gani? Nenda kwa fundi wa pampu, nenda kwa muuguzi, kaa nao, usione haya kuonekana hujui. Jua kwanza sayansi inafika wapi, ndipo ubuni kuanzia pale. Usipojua, mwache mhusika wako aseme kwamba hajui. Kuna msomaji ambaye siku hiyo hana kitu kingine cha kumwongoza isipokuwa karatasi uliyoandika wewe.

Mungu akupe moyo wa kuuliza, akutilie nguvu mkononi, na wote watakaokusoma wawe wazima, wao na watoto wao. Amina.